Acheni Kwanza Kuitisha Baraza

Kila vijana wa mapanga wanapofanya yao huku Kisauni, Mombasa, swali huwa ni lile lile. Mtangazaji wa redio analiuliza asubuhi, mwanasiasa analirudia matangani jioni, na kabla ya wiki kwisha limeshatufikia sisi ambao kazi yetu ni kuchunguza mienendo ya polisi: mbona watu wa Mishomoroni hawashirikiani na askari? Jibu nalo huja limeshafungwa pamoja na swali. Eti raia na polisi hawajazoeana, kwa hiyo iitishwe baraza, zigawiwe fulana, timu ya maskani icheze na timu ya kituo, mkuu wa kituo akabidhi kombe, na imani itakuja yenyewe. Kulijibu kwa upole kumeshachosha. Mkazi wa Mishomoroni hana upungufu wa mazoea na polisi. Anawajua kwa sura, kwa lakabu na kwa bei. Asichokuwa nacho ni sababu ya kuamini kwamba neno atakalowapa litafanyiwa kazi bila kumrudia yeye mwenyewe.

Tulitazame hilo baraza lenyewe. Linafanyika hadharani, mchana kweupe, chifu katikati, mkuu wa kituo kando yake, mzee wa mtaa akizungukazunguka, na mbele yao wamekaa watu ambao wengi ni majirani, shangazi na wapangaji wenza wa vijana wale wale wanaotafutwa. Huu ni mtaa wa nyumba za Kiswahili, vyumba vinatazamana kwenye ukumbi mmoja, na simu inayopigwa chumba hiki inasikika chumba cha pili. Nani atasimama mbele ya kadamnasi hiyo ataje jina la mtu? Ndiyo maana yanayosemwa barazani ni yale yasiyo na mwenyewe: taa za barabarani haziwaki, vichaka vya kuelekea mikokoni havijafyekwa, mateja wameongezeka. Wakuu wanaandika, wanashukuru, wanaondoka, na kesho yake wanaambia vyombo vya habari kwamba wakazi wanawaficha wahalifu. Hawamfichi mtu. Wamewekwa mahali ambapo kusema ni hatari na kunyamaza ni akili, nao wametumia akili.

Hili si suala la maoni yangu tu. Novemba 2021 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa mpango mmoja katika nchi sita: Brazil, Kolombia, Liberia, Pakistan, Ufilipino na jirani zetu Uganda. Watafiti, wakiongozwa na Graeme Blair, walishirikiana na polisi wa nchi hizo kufanya yale yale tunayoyadai hapa kila siku: mikutano ya wananchi, doria za miguu, askari kupita nyumba kwa nyumba, njia mpya za kupokea malalamiko. Baadhi ya maeneo yalipata huduma hiyo na mengine hayakupata, kisha wakalinganisha. Kama dawa ya baraza ingekuwa inatibu, hapo ndipo ingeonekana, kwa sababu haikutolewa kwa kombe la wikendi moja bali kwa miezi mingi na kwa usimamizi wa karibu. Matokeo? Uhalifu haukupungua. Imani ya raia kwa polisi haikupanda kwa kiasi cha kutajika. Wala raia hawakutoa habari zaidi. Ni nadra katika taaluma hii kupata jibu lililo wazi namna hiyo, na bado miaka inapita viongozi wetu wanatangaza mabaraza kana kwamba hakuna aliyewahi kupima.

Muhimu zaidi ni sababu walizozitaja watafiti, maana mtu wa Mishomoroni angezitaja bila utafiti wowote. Ya kwanza, wakubwa wa polisi hawakuipa kazi hiyo uzito. Ilikuwa nyongeza, si jukumu. Ya pili, maafisa walihamishwa ovyo, yule aliyejifunza mtaa akaondoka na daftari lake kichwani. Ya tatu, na hii ndiyo kiini, polisi hawakuwa na uwezo wa kufuatilia yale waliyoambiwa. Hebu itafakari hiyo ya tatu. Unamwita mtu, unamsihi aseme, anasema, kisha hakuna kinachotokea kwa kuwa gari halina mafuta, au mpelelezi mmoja ana mafaili yaliyomzidi kimo. Kwako wewe mwandalizi mkutano ulifana. Kwake yeye umemthibitishia, tena mbele ya mashahidi, kwamba kusema ni kazi bure. Baraza lisilo na ufuatiliaji linapunguza imani iliyokuwapo.

Hapa huwa napingwa kwa Nyumba Kumi. Huo, naambiwa, si mkutano wa mara moja; ni mfumo. Ni kweli ni mfumo, lakini wa nani? Mpango huo ulipigiwa debe na serikali ya Rais Uhuru Kenyatta mwishoni mwa 2013, baada ya shambulizi la Westgate, ukakabidhiwa kamati iliyoongozwa na Joseph Kaguthi, mkuu wa mkoa wa zamani. Jina lilichukuliwa Tanzania, ambako tangu miaka ya 1960 balozi wa nyumba kumi alikuwa kiongozi wa shina la chama cha TANU, mtu aliyechaguliwa na majirani zake, anayesuluhisha ugomvi wa ndoa na kumwandikia mgeni barua ya utambulisho. Mtu alikwenda kwa balozi kwa sababu balozi alikuwa na kitu cha kumpa. Sisi tuliagiza ganda tukaacha kiini. Mzee wetu wa nyumba kumi hana mshahara, hana ulinzi, na anachotakiwa kufanya hasa ni kupeleka habari juu, tena kwa chifu, ambaye si polisi. Katika Kaunti ya Kwale, mwendo mfupi tu kutoka hapa, wazee kadhaa wa nyumba kumi waliuawa miaka ya 2010 kwa kushukiwa kuwa watoa habari. Mtu akishaona hilo, kumwambia ajitokeze kwa moyo wa uzalendo ni kumdharau.

Wala sheria haikusema hivyo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ina sehemu nzima ya ushirikiano wa polisi na jamii, na haitaji nyumba kumi popote. Inataja ubia, mawasiliano, kutambua matatizo na kuyatatua kwa pamoja, kuboresha huduma, na pia uwazi na uwajibikaji wa polisi mbele ya jamii. Katiba nayo, kwenye kifungu cha 244, inaitaka huduma hiyo ijenge uhusiano na jamii pana, na inaweka hilo katika orodha moja na kuzuia ufisadi na kuheshimu haki za binadamu. Kwa maneno mengine, habari zinapaswa kwenda pande zote mbili. Sheria hiyo hiyo iliagiza kila kaunti iwe na mamlaka ya usalama inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua, ambamo wanakaa pia wawakilishi wa wanawake, vijana, wafanyabiashara na dini. Kaunti nyingi zilikaa miaka bila kuwa na chombo hicho, huku serikali kuu na magavana wakivutana kuhusu nani mwenye usalama. Baraza ni rahisi zaidi: viti vya kukodi, kipaza sauti, na hakuna mtu anayeulizwa swali mwezi unaofuata.

Kuna wanaosema nasahau mazuri ya polisi. Sisahau, ila pia sisahau kumbukumbu ambazo mtaa unazo. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa, alipigwa risasi ndani ya gari lake kwenye barabara kuu ya Malindi, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Novemba 2014 polisi waliingia katika misikiti ya Musa na Sakina huko Majengo, kisha Swafaa na Minaa huku Kisauni. Walisema walikuta silaha, wakakamata mamia ya vijana, misikiti ikafungwa. Mwaka uliofuata mashirika ya haki za binadamu, Haki Africa na MUHURI, ambayo wazazi walikuwa wakiyakimbilia, yalifungiwa akaunti za benki, mpaka Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamua Novemba 2015 kwamba hakukuwa na msingi. Kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati huo leo ni mzazi. Septemba 2018 rais alipotangaza kwamba askari watoke kwenye kambi wakapange nyumba mitaani pamoja na raia, hoja ilikuwa ile ile ya mazoea: wakikaa nao watawapenda. Jirani mwenye bunduki ambaye hujui atakukamatia nini haleti utulivu kwa kuwa tu mnachota maji bomba moja.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka Glasgow, Uskoti, na wanaolileta hulileta nusu. Ni kweli mji huo ulikuwa na tatizo la vijana na visu linalofanana sana na letu la mapanga. Ni kweli polisi wa Strathclyde walianzisha kitengo cha kupunguza ghasia mwaka 2005, na kuanzia 2008 wakawaita vijana wa magenge kwenye mkutano, ndani ya ukumbi wa mahakama, wakasikilizishwa maneno ya daktari wa upasuaji na ya mama aliyefiwa. Hapo msimulizi wetu hukata hadithi na kusema, si unaona, mkutano ulifanya kazi. Kilichofanya kazi ni ahadi mbili zilizotimizwa. Aliyepiga simu kutaka kutoka alipata mtu wa kumshughulikia masomo, kazi na ulevi, siku zile zile. Na genge lililoendelea kuchoma watu visu liliandamwa lote, kwa sheria. Wangeahidi bila kutimiza, wale vijana wangecheka hadi nyumbani. Na mpira? Mpira ni mzuri, watoto wacheze. Lakini anayejitokeza mazoezini kila jioni kwa kawaida si yule unayemtafuta, na kombe la kituo lisiandikwe kwenye ripoti ya mwaka kama kazi ya kuzuia uhalifu.

Basi imani inatoka wapi, kama haitoki barazani? Inatoka kwenye meza ya ripoti na yale yanayofuata. Chukua jambo moja linalouvuruga mtaa kuliko yote: kijana amekamatwa Jumatatu, Alhamisi yuko maskani. Mtaa mzima unakata shauri kwamba pesa imepita. Huenda imepita. Lakini huenda pia amefikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama Katiba inavyotaka, akapewa dhamana ambayo kifungu cha 49 kinasema ni haki yake isipokuwa kuwe na sababu nzito, au ni mtoto na Sheria ya Watoto ya 2022 ina utaratibu wake. Mlalamishi hakuambiwa, ingawa Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inampa haki ya kujulishwa mwenendo wa kesi. Simu moja ya dakika tatu kutoka kwa mpelelezi ingefanya kazi ambayo mabaraza kumi hayawezi. Isipopigwa, shahidi hatokei, kesi inaanguka, mshtakiwa anatoka huru kweli safari hii, na wenye hasira wanaanza kudai vijana wapigwe risasi tu. Maiti haisemi nani alinunua mapanga wala nani aliyewatuma, na familia yake haitasema chochote kwa polisi kizazi hiki wala kijacho.

Kwa mkuu wa kituo anayetaka kweli kubadilisha mambo: pokea ripoti faraghani, si kaunta iliyojaa watu; mpigie mlalamishi ndani ya wiki, hata kama ni kumwambia hakuna jipya; bandika kila mwezi ubaoni ripoti ngapi zimeingia na ngapi zimefika mahakamani, bila majina; na anayehamishwa amkabidhi mrithi wake mafaili na watu wa mtaa. Kwa mkazi: ukiripoti, usiondoke bila nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo; iandike na tarehe na jina la afisa. Fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, haiuzwi. Dhamana ya polisi isiyo ya pesa hailipiwi, na ya pesa taslimu ina risiti. Kama unaogopa kuonekana kituoni, piga Fichua kwa DCI, laini ya idara ya upelelezi, 0800 722 203, bila malipo na bila kujitaja. Kama kesi ni nzito na maisha yako yako hatarini, mwambie mwendesha mashtaka unataka Shirika la Kulinda Mashahidi, lipo kisheria. Afisa akikudhulumu au mtu akifa mikononi mwa polisi, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ni 1559. Na ukidaiwa hata shilingi mia ili uandikiwe OB, piga nambari hiyo hiyo siku hiyo hiyo, ukiwa na jina la afisa na saa aliyokudai.