UFAFANUZI KUHUSU MIPANGO YA HIARI YA KUPUNGUZA KEMIKALI ZA SUMU ZITOKAZO VIWANDANI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa maana ya mipango ya hiari ya kupunguza kemikali za sumu zitokazo viwandani, ili neno hilo linapotajwa katika vikao na barua lisipewe maana isiyokuwa yake.

Mpango wa hiari ni makubaliano ambayo mwenye kiwanda huyaingia bila ya kulazimishwa na sheria, akaahidi kupunguza kiasi fulani cha sumu katika muda maalumu. Akishindwa, hatozwi faini wala hafutiwi leseni. Kwa sababu hiyo wapo wanaoyaona makubaliano hayo kuwa ni maneno matupu, na wapo wanaodhani kuwa yanatosha bila ya sheria. Rai zote mbili zina kasoro. Ili kasoro hizo zionekane, tutaeleza mpango mmoja uliokwisha zamani na ambao hesabu zake zimeshafungwa, nao ni Mpango wa 33/50 wa Marekani.

Chanzo cha mpango huo kiko mbali na Marekani. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Disemba, 1984, gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha dawa za wadudu mjini Bhopal, India, na maelfu ya watu waliokuwa wamelala majumbani mwao wakafariki. Kiwanda hicho kilikuwa chini ya kampuni ya Kimarekani ya Union Carbide. Wananchi wa Marekani waliokuwa wakiishi karibu na viwanda vya aina hiyo wakauliza: humu mwetu mna nini? Mwaka 1986 ilitungwa sheria iliyovitaka viwanda vyenye wafanyakazi 10 au zaidi, na vinavyotumia kemikali za sumu kwa wingi uliotajwa, viandike kila mwaka ni kiasi gani kimetolewa hewani, majini na ardhini, na kiasi gani kimepelekwa kwengine. Taarifa hizo hukusanywa katika daftari moja ambalo kila mtu ana haki ya kulisoma.

Izingatiwe kwamba sheria hiyo haikumwamrisha mtu kupunguza hata kilo moja. Ilimtaka aseme tu. Lakini hesabu za mwanzo zilipokuwa tayari mwaka 1988, wakuu wengi wa makampuni walistaajabu kuona jumla ya kile ambacho viwanda vyao vilikuwa vikikitupa. Kampuni ya Monsanto, kabla ya kuombwa na yeyote, ilitangaza mwaka huo huo kwamba itapunguza sumu inayoitoa hewani kwa asilimia 90 ifikapo mwisho wa mwaka 1992. Mfanyabiashara ambaye mizani yake iko mbele ya mteja haapi sana.

Juu ya msingi huo ndipo Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani, chini ya uongozi wa Bwana William Reilly, ulipoanzisha Mpango wa 33/50 mwezi wa Februari, 1991. Zilichaguliwa kemikali 17 zilizokuwa zikitumika kwa wingi, zenye madhara yanayojulikana, na ambazo njia za kuzipunguza zilikuwapo. Miongoni mwao ni risasi, zebaki, kadimiamu, sianidi, benzini, toluini na klorofomu. Kwa kipimo cha mwaka 1988, viwanda vilikuwa vikitoa au kuhamisha karibu tani 680,000 za kemikali hizo kwa mwaka. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 33 ifikapo mwisho wa 1992 na asilimia 50 ifikapo mwisho wa 1995, na jina la mpango limetokana na tarakimu hizo. Makampuni maelfu yaliandikiwa barua, na karibu 1,300 yakaitikia, kila moja likijipangia lengo lake lenyewe. Malipo yao yalikuwa cheti cha shukurani na sifa njema.

Kazi yenyewe mara nyingi haikuhitaji mitambo ya ajabu. Karakana zilizokuwa zikiosha vyuma kwa vimiminika vikali vya kuondoa grisi zilihamia kwenye maji na sabuni. Viwanda vya samani na magari vilibadili rangi zao kwa rangi za maji pale ilipowezekana. Vyombo vilivyokuwa wazi vikafunikwa, na mabomba yanayovuja yakazibwa. Wengine waligundua kuwa kemikali waliyokuwa wakiiacha ipotee hewani walikuwa wameinunua kwa fedha.

Lengo la asilimia 50 lilifikiwa mwaka 1994, yaani mwaka mmoja kabla ya wakati.

Hata hivyo, hesabu hiyo haina budi kusomwa kwa uangalifu. Mpango ulianza 1991 lakini kipimo kilianzia 1988, hivyo upungufu uliotokea kabla ya mpango kuanza uliingizwa ndani yake. Aidha, sehemu ya upungufu ilitoka kwa makampuni ambayo hayakujiunga kabisa. Na kemikali mbili kati ya zile 17 zilikuwa tayari zinaondolewa kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya 1987 kuhusu tabaka la ozoni, na hiyo ni lazima, si hiari. Watafiti waliochunguza baadaye hawakuafikiana ni kiasi gani kilichotokana na mpango wenyewe.

Pale ambapo hapana ukaguzi kutoka nje, mambo huwa mazito zaidi. Wenye viwanda vya kemikali wa Canada walianzisha mwaka 1985 mpango wao wenyewe wa uangalizi, na wenzao wa Marekani wakaufuata mwaka 1988. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionesha kwamba wanachama wa Marekani hawakuwa wakijirekebisha kwa kasi kuliko wasiokuwa wanachama. Baadaye umoja wao uliweka sharti la kukaguliwa na wakaguzi kutoka nje.

Kemikali zilizotajwa si ngeni visiwani kwetu. Risasi imo katika betri za magari, na toluini imo katika dawa nyingi za kuyeyushia rangi. Maji ya kunywa ya Unguja kwa sehemu kubwa hutoka chini ya ardhi, na mawe yetu ya matumbawe hupitisha upesi kinachomwagwa juu yake. Masharti ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Nam. 3 ya 2015 yanabaki kuwa wajibu, na ahadi ya hiari haimwondolei mtu wajibu huo.

Kwa hiyo mtumishi atakayepokea barua ya kampuni inayoahidi kupunguza uchafu kwa hiari aangalie kama imetaja kiasi kinachotolewa sasa kwa kilo au lita, mwaka ambao hesabu inaanzia, tarehe ya mwisho, nani atakayepima, na wapi matokeo yatabandikwa ili wakaazi wa jirani wayasome. Barua isiyokuwa na mambo hayo ni vyema irejeshwe kwa mwandishi wake aikamilishe.