Bili ya kuzibua mshipa: kelele za SHA zinaanzia kwenye msimbo

Wadau, kila mdahalo wa afya siku hizi unaenda hivi. Mmoja anasema hospitali zinaiba pesa za SHA. Mwingine anasema serikali hailipi madai. Wanapigiana kelele saa nzima na hakuna anayeuliza dai lenyewe limeandikwaje. Leo tuangalie hiyo karatasi.

Nitatumia upasuaji mmoja tu, wa kuzibua ateri, kwa sababu ndio ulionifunza mimi. Mzee wetu ana sukari. Akitembea hatua chache, muundi unauma mpaka asimame. Akipumzika, maumivu yanaisha. Tulidhani ni uzee, kumbe mshipa mkubwa wa kinena ulikuwa umejaa mafuta yaliyogeuka magumu kama chokaa kwa bomba la maji. Daktari alipasua, akaufungua mshipa, akatoa huo uchafu, kisha akashona kiraka ili mshipa usibane tena. Upasuaji huo unaitwa endarterektomi. Ukifanywa shingoni, ni wa kuzuia kiharusi.

Sasa, kabla bima yoyote ilipe, maneno yote hayo ya daktari lazima yageuzwe kuwa misimbo. Ni ya aina mbili na watu huichanganya.

Wa kwanza unasema mgonjwa anaugua nini. Huu unatoka kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, ICD, na toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Kwenye toleo la 10, ateri kujaa mafuta ni I70, na ateri ya shingo kubana ni I65.2.

Wa pili unasema daktari alifanya nini. Hapa ndipo pesa iko. Kila nchi au bima ina orodha yake. Marekani wanatumia CPT, inayomilikiwa na chama cha madaktari wa huko, na endarterektomi ya shingo ni 35301. SHA nayo ina orodha yake ya huduma, kila moja na bei yake, imechapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Ukitaka kuelewa mdahalo soma hiyo, si klipu za mikutano.

Mfano ambao kila Mkenya anaujua: kujifungua kawaida SHA hulipa 10,000. Kujifungua kwa upasuaji, hospitali ya levo 4 kwenda juu, 30,000. Mama ni yule yule, mtoto yule yule. Karani akichagua mstari wa chini badala ya wa juu, 20,000 zimezaliwa. Huko ndiko kuitwako kupandisha msimbo. Dada yake ni kumwandika mgonjwa wa kutwa kana kwamba alilala wadi. Wizara yenyewe ilitaja mbinu hizi hadharani mwaka 2025.

Lakini kuna mbinu ya tatu, ambayo haisikiki kwa mikutano kwa sababu ni ngumu kuielezea: kufungua kifurushi. Yaani kazi moja inakatwakatwa, kila kipande kinatozwa kivyake.

Turudi kwa mzee. Kwenye bili yake kulikuwa na mstari wa kusafisha ateri. Chini yake, mstari mwingine wa kushona kiraka. Nikauliza kwenye dirisha la malipo, kiraka si ni sehemu ya ile kazi? Nikaambiwa, "Hivyo ndivyo system inatoa." Basi nikaenda kusoma.

Kwa CPT, maelezo ya 35301 yanasema wazi kwamba kiraka kimo ndani, kikiwekwa. Huwezi kukitoza tena. Si hayo tu. Medicare, bima ya serikali ya wazee kule Marekani, huhesabu siku 90 baada ya upasuaji huo kuwa ndani ya malipo ya daktari mpasuaji. Ukirudi akuangalie kidonda, ameshalipwa. Sisi tulilipia kila mara mzee alipopanda ile meza.

Usinishike vibaya. Sheria ya Marekani si sheria ya hapa, na sikuweza kusema tumeibiwa. Bima ya mzee ilikuwa ya kibinafsi, na kifurushi kina nini ndani ni makubaliano ya hospitali na bima. Mkataba huo mgonjwa haoni. Anachoona ni kiwango chake cha mwaka kikiisha. Cha mzee kiliisha kidonda kikiwa bado wazi, na bandeji zilizobaki tukachanga kwa familia.

Na kama unafikiri Wamarekani wamemaliza shida hii, ngoja. Mwaka 2008 Medicare ilibadilisha viwango ili matibabu ya mishipa ya miguu yafanyike kwa kliniki za madaktari badala ya hospitali kubwa. Nia ilikuwa kuokoa pesa. Sasa kuna njia ya kukwangua ateri kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya mshipa, atherektomi, nayo ililipwa zaidi ya kuipanua kwa puto peke yake. Kliniki zikachipuka, na ukwanguaji ukapanda. Waandishi wa habari wa huko wameandika kuhusu wagonjwa waliokwanguliwa mara nyingi kupita kiasi, wengine wakaishia kukatwa mguu. Na mara nyingi msimbo ulikuwa sahihi kabisa! Kazi ilifanyika kweli. Swali lilikuwa kama ilihitajika.

Ndiyo maana mtu akisema mashine za alama za vidole zitamaliza wizi SHA, mimi natabasamu. Alama ya kidole inathibitisha mgonjwa alifika. Haisemi alifanyiwa nini, wala kama alihitaji.

Upande wa pili nao una haki yake. Si kila dai lililokataliwa ni wizi. Hospitali ndogo kule kaunti, anayejaza misimbo mara nyingi ni karani aliyefunzwa kazini. Daktari ameandika "mguu, mshipa" kwa mwandiko wa daktari. Karani anachagua kinachofanana, ugonjwa na upasuaji havilingani, dai linarudishwa. Hospitali inakaa miezi bila pesa ya kazi iliyofanya. Kisha dai hilo hilo mwanasiasa mmoja analihesabu kama wizi uliozuiwa, mwingine kama deni la serikali. Wote wawili wanatumia rundo moja la karatasi!

Kwa hivyo ukisikia takwimu ya madai yaliyokataliwa, uliza yamekataliwa kwa nini. Msimbo ulikosewa? Stakabadhi hazikutosha? Idhini ya kabla ya upasuaji haikuombwa? Au mgonjwa hakuwepo kabisa? Hizo ni hadithi nne tofauti, na ya mwisho pekee ndiyo ya polisi moja kwa moja. Wewe unayekatwa 2.75% ya mshahara unastahili kuambiwa ni ipi.

Na ukiwa na mgonjwa wako, usikubali bili ya jumla. Omba mchanganuo wa mstari kwa mstari, omba na ripoti ya upasuaji, uziweke kando kwa kando. Huhitaji kuwa daktari kuona kazi moja imeandikwa mara mbili.

Sisi tuliandika barua, nakala kwa bima. Baada ya wiki tatu ilikuja bili mpya. Mstari wa kiraka haukuwepo. Hakuna aliyeeleza kwa nini uliondoka, wala kwa nini uliwekwa.