Unene wa kable: usiusahau katika hesabu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, mnajua kisima chenye mti wa kuzungusha. Mwanzoni kila mzunguko unapandisha ndoo kidogo. Kamba ikianza kujilaza juu ya kamba, ndoo inapanda upesi zaidi. Mti haukukua: unene wa kamba umeongezeka juu yake.

Shimoni Kolwezi ni vile vile. Ngoma ya mashini ina kipenyo cha milimetre 400, na kable ina unene wa milimetre 20. Usihesabu 400. Kable inapimwa katikati yake. Basi kipenyo cha kweli ni 420. Katika mizunguko 100 ulifikiri umepandisha mzigo metre 126, kumbe ni metre 132. Metre 6 hizo zinatosha kugongesha kaji kwenye puli ya juu, na watu wamo ndani.

Unene una neno lingine. Kable ikipinda juu ya puli, nyuzi za nje zinavutwa, za ndani zinabanwa. Puli ikiwa ndogo, nyuzi zinachoka na kukatika. Ndiyo sababu magurudumu ya minara ya mgodi ni makubwa, mara nyingi mara 80 ya unene wa kable au zaidi. Kable ya milimetre 25 inataka gurudumu la metre 2.

Sisi wa dispanseri tunaona mwisho wa mambo. Siku moja nililetewa kijana, kidole kimesagwa. Kable nene ilikuwa imewekwa kwenye mfereji wa kable nyembamba. Haikukaa vizuri, ikaruka. Yeye akataka kuirudisha kwa mkono, mashini ikitembea. Kidole hatukuweza kukiokoa.

Basi, ndugu:

1. Pima kable mpya pahali penye unene mkubwa, kisha linganisha na mfereji wa puli.
2. Ongeza unene huo katika hesabu ya ngoma.
3. Usiguse kable inayotembea. Simamisha mashini kwanza.
4. Usipapase kable kwa mkono mtupu. Nyuzi zilizokatika zinachoma kama sindano. Ukichomwa, hata kidogo, osha kwa maji na sabuni, kisha uje dispanseri tuangalie chanjo yako ya pepopunda.

Mama, mkumbushe bwana asubuhi. Kable inabadilishwa, kidole hakioti tena.