Masafa Mawili Katika Picha ya Ultrasaundi

Neno "masafa" huwatatiza wanafunzi wetu wa tafsiri kila wanapokutana na maandishi ya kitabibu. Maana yake ya kwanza ni umbali. Twasema mbio za masafa marefu. Watu wa redio nao hulitumia kwa idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja. Katika ultrasaundi maana hizi mbili hugongana, kwa kuwa moja ikizidi nyingine hupungua.

Tueleze. Sikio la binadamu husikia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, yaani hezi 20 hadi 20,000. Mashine za ultrasaundi kwa kawaida hutumia megahezi 2 hadi 15, na megahezi moja ni hezi milioni moja. Sauti hiyo hupita mwilini kwa mwendo wa takriban mita 1,540 kwa sekunde, hugonga viungo, na mwangwi wake ndio unaochorwa kuwa picha.

Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya mwendo kwa idadi ya mitetemo. Kwa megahezi 3 wimbi lina nusu milimita hivi. Kwa megahezi 10, milimita 0.15. Vitu viwili vilivyokaribiana mno kuliko urefu wa wimbi huonekana kama kimoja. Kwa hiyo, mitetemo ikiwa mingi, picha huonyesha mambo madogo zaidi.

Mbona basi daktari asitumie megahezi 15 daima? Kwa sababu mwili huifyonza haraka sauti yenye mitetemo mingi. Megahezi 10 hufaa kwa vilivyo karibu na ngozi, kama vile titi au tezi ya shingo. Kwa ini, figo au mtoto tumboni huteuliwa megahezi 2 hadi 5; picha hupungukiwa undani, lakini sauti hufika sentimita 15 au zaidi.

Sasa mpe mkunga sentensi hii: "Kwa kiungo cha ndani, tumia masafa madogo." Je, apunguze mitetemo, au asogeze mashine karibu? Mgonjwa ndiye atakayelipia utata huo. Twapendekeza wanafunzi waandike "idadi ya mitetemo" kwa maana ya pili, na "kina" kwa umbali wa ndani ya mwili. Walimu wenzetu, lijaribuni zoezi hili darasani.