Debe Tupu la Alaska

Waliosema kwamba debe tupu haliachi kuvuma hawakuwahi kuitazama filamu ya On Deadly Ground, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1994. Nimeitazama upya juzi nikitumai kwamba labda miaka imeifaa. Wapi!

Steven Seagal, ambaye pia ndiye mwelekezi wake, anaigiza nafasi ya Forrest Taft, mtaalamu wa kuzima moto wa visima vya mafuta. Taft anagundua kwamba mwajiri wake, tajiri anayeigizwa na Michael Caine, anatumia vifaa duni ili kuwahi siku ambapo haki za mafuta zitarejea kwa wenyeji. Basi anaulipua mtambo, kisha anasimama kuhutubia watu kuhusu usafi wa hewa na maji. Moshi wa mtambo ule ulikwenda wapi? Filamu haiulizi.

Sisi tunaochunguza lugha huuliza kwanza: ni nani aliyepewa zamu ya kusema? Wenyeji wenye ardhi yao wamewekwa pembeni kama mapambo. Hata Masu, binti yao anayefuatana na Taft, anaigizwa na Joan Chen, mzaliwa wa Shanghai. Hotuba ya mwisho ni ya Taft, nao wanasikiliza.

Hata hivyo, kosa lililonisikitisha zaidi limo katika maana ya neno hujuma. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya shambulio, na filamu imekwama papo hapo: pasipo kishindo, hapana hujuma. Ilhali Alaska yenyewe ilikuwa imekwisha kutufunza vingine. Tarehe 24 Machi 1989, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba na kumwaga takriban galoni milioni 11 za mafuta baharini. Hapakuwa na bomu wala jambazi. Palikuwa na uzembe. Wavuvi wakapoteza riziki, ndege na wanyama wa bahari wakaangamia.

Mwaka ule ule wa filamu, jopo la raia mahakamani liliamuru kampuni ya Exxon ilipe dola bilioni 5 kama adhabu. Kampuni ikakata rufani, ikakata tena, hadi mwaka wa 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoipunguza adhabu hiyo hadi takriban dola milioni 507. Baadhi ya walalamishi walikuwa wamekwisha kufariki.

Hicho ndicho kisa kilichostahili kusimuliwa, msomaji mpendwa: hujuma isiyo na kishindo, inayotendwa na watu waliovalia tai, kwa kalamu na kwa subira. Kikulacho ki nguoni mwako, nacho aghalabu hakibebi baruti. Seagal alitupatia moto wa usiku mmoja, akatuaminisha kwamba mambo yamekwisha. Wavuvi wa Alaska, waliongoja miaka 19, wangemweleza vingine, laiti angewaachia zamu ya kusema.