Lafudhi kama Vazi la Mhusika: Benson Wanjau na Uigizaji wa Mzee Ojwang'

Benson Wanjau alipofariki dunia jijini Nairobi mwezi wa Julai 2015, watazamaji wengi waligutuka kutambua kwamba mtu waliyemjua kwa miongo kadhaa kama Mzee Ojwang', Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Makala haya yanachunguza kilichoijenga imani hiyo, nacho ni lafudhi.

Katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, kilichorushwa na Sauti ya Kenya na kuendelezwa na KBC baada ya mwaka 1989, Wanjau alikuwa mumewe Mama Kayai, nafasi iliyoigizwa na Mary Khavere. Ugomvi wao wa nyumbani unajulikana na hauhitaji kusimuliwa hapa. Kisichotiliwa maanani ni kazi ya kifonolojia iliyokuwa nyuma yake. Kijaluo hakina /ʃ/ wala /z/, hivyo shamba huelekea kuwa samba, na zawadi kuwa sawadi. Hilo ni rahisi kuiga. Kila mchekeshaji wa Nairobi huliiga. Ugumu uko kwingine. Kijaluo hutofautisha /l/ na /r/, ilhali Kikuyu hakitofautishi, na ndiyo maana Mkikuyu anayetaniwa husemeshwa rara badala ya lala. Mwigizaji mwenye usuli wa Kikuyu anayetaka kuaminika kama Mjaluo hana budi kuongeza athari za lugha moja na, papo hapo, kuzizuia zile za lugha yake ya kwanza, tena katika kasi ya majibizano. Kuteleza mara moja tu kungetosha kumfichua.

Yapo madai kwamba lafudhi ya namna hii ni kejeli kwa jamii inayoigwa. Madai hayo yana uzito, hasa katika nchi ambamo siasa za Wakikuyu na Wajaluo zimewahi kumwaga damu, kama ilivyotokea baada ya uchaguzi wa 2007. Hata hivyo, kwa maoni yangu, yanachanganya mambo mawili. Mzaha wa kikabila humwonyesha msemaji kuwa hajui Kiswahili. Ojwang' anakijua: anateta, anajitetea, anasingizia na kubembeleza kwacho bila kukwama. Kinachochekesha ni ujanja wake unaogonga mwamba, na ujanja huo ungechekesha kwa lafudhi yoyote. Lafudhi inamweka tu mahali, kama kofia au fimbo.

Hapa pana tatizo la kitaaluma. Nilipokuwa nikinukuu mazungumzo ya vichekesho kwa ajili ya utafiti, niligundua kwamba mkono wangu ulikuwa ukiandika shamba pale sikio liliposikia samba. Tahajia sanifu ilikuwa inamsahihisha mhusika, na kwenye karatasi akabaki mzee yeyote mgomvi. Nililazimika kurudia kurasa zote, safari hii nikiandika nilichosikia na kuliweka umbo sanifu katika safu ya pili, kando.