Mnyoo Anayepita Njia ya Damu

Mchoro wa mzunguko wa damu katika vitabu vya shule una rangi mbili, nyekundu na buluu, na mishale kuuzunguka moyo. Mwanafunzi huukariri, huujibia mtihani, kisha huusahau. Kwetu West Nile, Uganda, somo hilohilo lingeweza kufundishwa kwa kumfuata mdudu mmoja tu: mnyoo wa kichocho cha tumbo. Hana njia yake mwenyewe mwilini, anapita mnamopita damu. Tena anatufikisha kwenye ini, mahali ambapo mchoro wa darasani kwa kawaida haugusi, na ambapo watu wa huku huumia zaidi.

Watu wa Arua na Koboko hupenda kusema kichocho ni ugonjwa wa wavuvi wa kule chini: Rhino Camp, Obongi, Pakwach, Panyimur. Kweli kingo za Albert Nile ndizo zenye balaa kubwa, na si jambo la jana. Daktari George Nelson aliandika habari za kichocho cha West Nile katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwaka 1958. Lakini mnyoo huyu huishi ndani ya mtu miaka mingi, mara nyingi mitatu hadi kumi, na safari nyingine zaidi. Muuza nguo wa Koboko aliyelelewa kwa wajomba kando ya mto alipanda mlimani na minyoo wake.

Lava wa kichocho hutoka kwenye konokono wadogo wa majini, hasa jua linapokuwa kali. Akimpata mtu anayefua au kuoga, huipenya ngozi kwa dakika chache na kuacha mkia wake nje. Hukaa ngozini siku moja au zaidi, kisha huingia kwenye mshipa mdogo wa vena. Akishaingia humo, hana tena la kuchagua. Vena zote za miguu, mikono na kichwa zina mwisho mmoja: upande wa kulia wa moyo.

Hapa nenda kwa muuza nyama, nunua moyo wa mbuzi, uupasue kwa kisu kikali. Utakuta vyumba vinne, viwili vya juu vyenye kuta laini na viwili vya chini vyenye misuli. Weka kidole kwenye ukuta wa chumba cha chini kulia, kisha kwenye ule wa kushoto. Wa kushoto ni mnene mara mbili au tatu ya wa kulia. Katikati pana ukuta mzima usio na tundu. Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna vali, vipande vyembamba vyeupe vilivyoshikwa na nyuzi imara, ambavyo huiruhusu damu ishuke na kuizuia isirudi. Moyo wa mtu umejengwa vivyo hivyo.

Ukuta wa kulia ni mwembamba kwa sababu kazi yake ni ya jirani: kuisukuma damu hadi kwenye mapafu, yaliyo hapohapo kifuani. Shinikizo la damu upande huo ni kama sehemu moja ya sita tu ya lile la upande wa kushoto, ambao unapaswa kuifikisha damu kichwani na kwenye vidole vya miguu. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu, na akiwa ametulia moyo wake huzisukuma zote kwa muda unaokaribia dakika moja.

Ule ukuta wa kati usio na tundu uliwasumbua wasomi kwa karne nyingi. Galeni wa zamani za Warumi alifundisha kwamba damu hupenya ndani yake kupitia vitundu visivyoonekana, na ulimwengu ukamwamini. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Shamu aliyefanya kazi Kairo, aliandika wazi kwamba vitundu hivyo havipo: damu ya kulia haina budi kupita mapafuni ndipo ifike kushoto. Mwingereza William Harvey alikuja kueleza mzunguko mzima mwaka 1628.

Mnyoo wetu naye hukumbana na ukweli huo. Kutoka moyo wa kulia hutupwa mapafuni, ambako ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, hugawanyika hadi kuwa kapilari, mishipa myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja. Kapilari hizo zimevizunguka vifuko vya hewa vilivyo kwa mamia ya mamilioni. Ukuta unaotenganisha damu na hewa ni mwembamba mno, kwa hiyo oksijeni huingia na kabonidioksidi hutoka bila kusukumwa na chochote. Chembe ya damu humaliza shughuli hiyo kwa muda usiofika sekunde moja, ikatoka ikiwa nyekundu ya kung'aa. Ilipoingia ilikuwa nyekundu iliyoiva, maana damu ya buluu iko vitabuni tu. Mnyoo mchanga, ambaye ni mnene kuliko njia yenyewe, hulazimika kujinyoosha na kujipenyeza kwa siku kadhaa, na wengi wao hawatoki.

Waliofaulu huingia moyo wa kushoto na kusukumwa kwenye aota, ateri kuu ya mwili. Kuanzia hapo ni bahati. Anayepelekwa mguuni au kichwani atarudi na vena hadi moyo wa kulia, apite mapafuni tena. Anayeangukia ateri ya utumbo ndiye anayekaribia kufika, kwa sababu damu ya utumbo ina utaratibu wake. Hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa na kupelekwa kwenye ini, igawanyike tena katika mishipa midogo, ikaguliwe, ipunguziwe sumu na chakula kihifadhiwe. Ndipo iruhusiwe kwenda moyoni. Ni forodha, na mnyoo ameamua kuishi kwenye lango lake.

Ndani ya ini hukomaa, dume humkumbatia jike, na wawili hao hurudi nyuma dhidi ya mkondo hadi kwenye vena za utumbo. Daktari Theodor Bilharz aliwapata minyoo wa kichocho katika mshipa huohuo unaoingia kwenye ini, alipokuwa akipasua maiti Kairo mwaka 1851. Naili ileile ya Rhino Camp, chini zaidi.

Minyoo wenyewe hawana madhara makubwa. Tatizo ni mayai. Jike hutaga mamia kwa siku, na kila yai lina mwiba ubavuni, unaoonekana wazi kwenye hadubini. Mengine hupenya utumbo na kutoka na choo. Mengi ya yaliyobaki hubebwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama katika mishipa midogo, na mwili huyazungushia kovu. Kwa miaka, makovu huibana mishipa hiyo. Damu ya utumbo ikikosa pa kupita, shinikizo hupanda, bandama huvimba, na damu hutafuta vichochoro. Kimojawapo ni vena ndogo za sehemu ya chini ya umio, ambazo hazikuumbwa kwa mzigo huo. Zinatanuka, na siku moja zinapasuka.

Seli za ini lenye kichocho mara nyingi zinaendelea kufanya kazi vizuri. Mgonjwa hana macho ya manjano, anakula, anabeba magunia sokoni. Kisha jioni moja, baada ya chakula, anatapika damu beseni zima. Arua na Koboko, mtu wa namna hiyo watu humwambia amelishwa sumu, na aliyepika ndiye anayetazamwa. Siwalaumu wanaofikiri hivyo, kwa kuwa dalili zinadanganya. Ila saa zinazopotea kumtafuta aliyetia sumu ndizo ambazo mgonjwa angekuwa anaongezewa damu, au vena zake zinafungwa kwa vipira kupitia kamera inayoingizwa mdomoni.

Uganda ilianza kugawa dawa ya prazikwanteli kwa umma mwaka 2003, idadi ya vidonge ikipangwa kwa kijiti cha kupimia urefu wa mtu. Dawa hiyo huua minyoo waliokomaa, haiwaui wachanga walio safarini, na ndiyo sababu hurudiwa. Kwa kijana, makovu ya ini yanaweza kupungua akitibiwa mapema. Yakishakuwa mazito, dawa ya minyoo peke yake haiyaondoi.

Vile vichochoro vya damu vina hatari nyingine. Kwa kuwa vinalikwepa ini, mayai huvipitia hadi moyo wa kulia, kisha yakanasa mapafuni. Ukuta ule mwembamba wa kulia sasa unasukuma damu kwenye njia zilizoziba. Hunenepa, kisha huchoka. Miguu huvimba, na mtu hukosa pumzi akipanda kilima kidogo, bila kikohozi wala sigara. Mgonjwa wa namna hiyo aulizwe alikulia wapi, na kama aliwahi kuoga mtoni.